Vituo vya Wasio na Gari: Kutoka Mzenga hadi Posta

Mzenga ni jina la kata katika Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, na ni jina la stesheni ndogo ya reli ya TAZARA. Njia moja hapo inaelekea Maneromango. Nyengine inakwenda Mlandizi, wilayani Kibaha, inakokutana na Barabara ya Morogoro. Mkaazi wa Mzenga atakaye kwenda Dar es Salaam bila ya gari lake mwenyewe, na wengi wa wakaazi wake ndivyo walivyo, hushika moja kati ya njia hizo kwa miguu, kwa baskeli au kwa gari la abiria, au hukaa kando ya mzigo wake akaisubiri treni. Kwa vyovyote atakavyokwenda, atasimama mara nyingi kabla ya kuuona mji, na ataendelea kusimama atakapokuwa ameshaingia ndani yake.

Historia ya Dar es Salaam imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya masultani, magavana na marais, na kwa majengo waliyoyaacha. Historia hiyo ni ya kweli, ila haimtoshi msafiri wa Mzenga. Yeye hajali sana chombo kinakwenda kasi gani. Anajali kinasimama wapi, na ni nani aliyeamua kisimame pale. Kwa mtu wa namna yake, mji ni vituo, na ukivifuata vituo hivyo kwa mpangilio wa miaka yake utaona kwamba wenye mamlaka wamekuwa wakivipanga na wenye miguu wamekuwa wakivipangua.

Kabla ya kuwapo mji palikuwapo Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima wadogo, na nyuma yake ardhi ya Wazaramo iliyopanda taratibu kuelekea vilima vya Pugu na Kisarawe. Bidhaa iliyoifanya ardhi hiyo ijulikane mbali ilikuwa ni sandarusi, utomvu wa kale ulioganda chini ya mchanga na kuchimbwa kwa majembe. Wachimbaji waliibeba vichwani hadi pwani, ikavuka bahari kwenda Unguja, na kutoka Unguja ikapakiwa merikebuni kwenda Salem kule Marekani na katika bandari za Ulaya. Huko ilipikwa ikawa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Basi magari ya matajiri wa ng'ambo yaling'ara kwa jasho la watu ambao wao wenyewe hawakuwa na chombo cha kuwabeba isipokuwa nyayo zao.

Sayyid Majid bin Said alipoanza kuujenga mji wake mpya katika miaka ya 1860, nia yake ilikuwa kuivuta biashara ya misafara ya bara iteremkie katika bandari hiyo yenye maji matulivu. Alijenga kasri, akachimba visima, akaleta watu wa kupanda minazi. Mwaka 1870 akafariki, na ndugu yake, Sayyid Barghash, hakuwa na hamu na kazi ile. Lakini lipo jambo jengine ambalo halitajwi sana: misafara yenyewe iliendelea kwenda Bagamoyo. Wapagazi walizizoea njia zao, walijua kambi ilipo, maji yalipo na mwenyeji alipo. Sultani alichagua kituo, na wapagazi wakachagua chengine. Bandari ilikuwa nzuri kuliko ya Bagamoyo, na bado haikutosha kuwageuza watu waliokwisha kujua pa kulala.

Baadaye, mwaka 1877, Waingereza walioongozwa na William Mackinnon walianza kukata barabara kutoka Dar es Salaam, wakikusudia kufika Ziwa Nyasa. Ilipita katika nchi ya Wazaramo ikaachwa mwaka 1881 kabla haijatimiza hata kilomita 150. Ilikusudiwa kwa ajili ya mikokoteni ya ng'ombe, na mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Kilichobaki kilikuwa ni uwazi mwituni, na watu wa vijijini, ambao hawakuwa na mkokoteni wala ng'ombe, wakapata njia iliyonyooka zaidi ya kupitishia mizigo yao ya kichwani.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, wakitoka hiyo hiyo Bagamoyo. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati kutoka bandarini. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Pugu, Soga na Ruvu zikawa stesheni, na kwa mara ya kwanza mtu wa upande huo wa Uzaramo aliweza kufika mjini akiwa amekaa. Ndani ya mji wenyewe, hata hivyo, mipango yote ilimfikiria mtembeaji kama kitu cha kuwekwa mbali. Mji uligawanywa: Uzunguni penye upepo wa bahari, Uhindini penye maduka, na Waafrika nyuma ya hapo. Waingereza waliurithi mgawanyiko huo wakaukaza, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka. Uwanja huo mtu huukata kwa dakika chache tu. Maelfu waliukata kila alfajiri kwenda kwenye kazi za upishi, udobi na upagazi wa bandarini, na kila jioni wakaukata tena kurudi.

Nyuma ya mpaka huo ndipo penye jina ambalo kila msafiri wa mji huu analijua. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, waliweka hapo kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikakifanya Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walikuwa ni malaki, na waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Katikati ya mji, tangu mwaka 1927, imesimama sanamu ya askari na bunduki yake, na maandishi yake yanawataja pia wapagazi. Mpagazi mwenyewe hana sanamu. Ana soko, lenye jengo maarufu la mwaka 1975 lililosanifiwa na Beda Amuli, ana mitaa isiyolala, na ana jina linalotamkwa na makondakta mara nyingi kwa siku kuliko jina la gavana yeyote. Hapana shaka hii ni kumbukumbu bora zaidi, ingawa hakuna aliyekusudia kuijenga.

Siasa za uhuru nazo zilikwenda kwa miguu. Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa skuli ya Pugu hadi mwaka 1955, hali chama cha TANU, kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kilikuwa na shughuli zake Kariakoo, umbali wa kilomita zipatazo 20. Wazee wa mjini wamesimulia mengi juu ya safari hizo za mwalimu kuja mjini na kurudi, nyengine kwa miguu. Mwaka 1967, akiwa Rais, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Ulimwengu uliishangaa safari hiyo. Kwa watu wa Kisarawe waliokuwa wakitembea vivyo hivyo kupeleka mihogo sokoni, jambo la kushangaza labda lilikuwa ni kwamba safari ya miguu iliandikwa gazetini.

Wakati huo mabasi yalikuwapo. Kampuni ya Dar es Salaam Motor Transport ilianza kazi mwaka 1949, na watu waliiita kwa herufi zake tu, DMT. Mji ulikuwa na watu 128,742 katika hesabu ya mwaka 1957. Ilipofika mwaka 1967 walikuwa 272,821. Serikali iliitaifisha kampuni mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Mabasi yake marefu ya Ikarus yaliyotoka Hungaria, yenye kiungo katikati kama cha mdudu, yakapewa jina la kumbakumba kwa vile yalivyozoa watu. Kisha zikaja shida zilizofuatana: mafuta kupanda bei, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni kukosekana, vipuri kuadimika. Basi likiharibika lilikaa, na la pili likaharibika likakaa kando yake.

Miaka hiyo ilikuwapo amri ambayo vijana wa leo huidhania ngano. Ili kuokoa mafuta, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Mwenye Peugeot na mwenye ndara wakawa sawa barabarani kwa nusu siku moja ya wiki. Mji wote ukawa mji wa wasio na gari, na waliokuwa wamezoea hali hiyo siku sita nyengine hawakuona kilichobadilika, isipokuwa vumbi lilikuwa limepungua.

Ni katika muongo huo huo ndipo Mzenga ilipopata stesheni yake. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Madhumuni yake yalikuwa makubwa mno kuliko Mzenga: shaba ya Zambia ipate njia ya bahari isiyopita katika nchi za walowezi wa kusini. Lakini treni ya abiria haiwezi kukata kilomita zote hizo bila ya kusimama, na kila iliposimama palizaliwa gulio. Embe, nanasi, korosho, mihogo, kuku waliofungwa miguu, vyote vikapandishwa madirishani. Reli iliyojengwa kuinusuru Zambia ikawa pia ni njia ya mama wa Kisarawe kupeleka tenga lake mjini. Hilo halikuwamo katika hotuba za ufunguzi, na pengine ndilo lililoshikika kuliko mengi yaliyokuwamo.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lipo hadi leo. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na ile ya Wajerumani ina upana wa milimita 1,000. Reli hizi mbili ziko katika mji mmoja na haziwezi kupokezana behewa. Stesheni kuu ya TAZARA, jengo refu lenye ukumbi mpana, iko kando ya barabara iendayo Pugu, mbali na Posta na mbali na Kariakoo. Abiria wa Mzenga akishuka hapo, na tenga lake, bado hajafika mjini. Lazima atafute chombo kingine, na hapo ndipo daladala inapoingia katika kisa hiki.

Magari hayo yalitembea kwanza kwa kujificha, kwa sababu usafirishaji wa abiria mjini ulikuwa haki ya UDA peke yake. Mwaka 1983 serikali iliyaruhusu, kwa kuwa UDA ilikuwa imeshindwa na watu walikuwa wakilala vituoni. Jina lilitokana na sarafu ya shilingi tano, ambayo vijana waliiita dala, na makondakta wakawa wanaitaja mara mbili mbili: dala, dala. Mengine yalikuwa ni magari ya mizigo yaliyotiwa mabenchi, abiria wakitazamana kama walio mkahawani, yakaitwa chai maharage. Hapakuwa na ofisi iliyoyapangia majina ya vituo, na mji uliingia mikononi mwa watu waliokuwa wakiujua kwa kuusimama.

Tazama majina yenyewe. Mwembechai ni mwembe na chai. Ubungo Maji na Ubungo Maziwa ni mitambo ya maji na kiwanda cha maziwa. Urafiki ni kiwanda cha nguo kilichojengwa na Wachina katika miaka ya 1960. Fire ni zimamoto. Magomeni Mapipa, Manzese Argentina, Kimara Baruti, Kimara Bucha: kila jina ni alama iliyoonekana na mtu aliyekuwa akitazama nje ya dirisha asiyejua mtaa unaitwaje, akataka tu kushuka. Mitaa ina majina rasmi, na aghlabu hayatumiki. Ukimwambia kondakta jina la mtaa lililoandikwa katika ramani, atakuuliza: "Ni karibu na nini?" Swali hilo ndilo lililoutaja mji.

Mpenzi wa ushairi atakuta hapo jambo la kumtuliza katika joto la foleni. Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, Sheikh Kaluta Amri Abedi, ndiye yule aliyechapisha mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na kuhesabu mizani ni mojawapo ya sheria hizo. Makondakta hawakukisoma, lakini nao huhesabu. Kibao cha mbele ya gari ni kifupi, hivyo Kariakoo huandikwa K/Koo, Mnazi Mmoja M/Moja, Gongo la Mboto G/Mboto. Mwito wa mlangoni nao hukatwa au hurefushwa silabi mpaka ukae sawa na pumzi ya mwitaji, akiupiga ubavu wa gari kwa kiganja. Na nyuma ya gari, mahali pa kioo, huandikwa maneno ya mafumbo, majibizano na mahasimu wasiojulikana, kama yale ya kwenye kanga, ila haya huvaliwa na chuma.

Lakini asiye na gari hakukaa raha katika daladala, na itakuwa ni kumpamba bure mtu akisema alikaa. Dereva na kondakta kwa kawaida hawakuwa na mkataba wala mshahara. Walikuwa na hesabu, yaani fedha ya kila siku ya kumpelekea mwenye gari, na kilichozidi baada ya mafuta ndicho chao. Kutoka katika hesabu hiyo yalitoka mambo yote yaliyolalamikiwa: mbio, kujaza watu mpaka mlango usifungike, kukatisha safari nusu ya njia. Na lilitoka lile lililouma kuliko yote, la mwanafunzi. Nauli yake ilipangwa kuwa ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo kila kiti alichokikalia kilikuwa ni hasara. Watoto wenye sare wamesimama vituoni tangu alfajiri, gari baada ya gari ikipunguza mwendo, kondakta akiwazuia kwa mkono na kuwapokea watu wazima. Aliyewazuia mara nyingi alikuwa ni kijana aliyeacha skuli miaka michache nyuma.

Mwezi wa Mei mwaka 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi, kwenye njia zake mwenyewe za kilomita zipatazo 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Daladala zikaondolewa katika sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro. Basi la mwendokasi halikai foleni, na mtu wa Kimara aliyekuwa akitumia asubuhi nzima njiani ameuona mji ukisogea karibu. Wapangaji walipokuja kuvipa majina vituo vyao vya vioo na chuma, hawakuwa na la kufanya ila kuyachukua yale ya makondakta: Bucha, Baruti, Argentina, Mwembechai, Mapipa, Fire. Mwembe na pipa vimeingia katika ramani ya serikali. Ila jukwaa lenye tiketi na milango inayojifunga yenyewe halikufikiria tenga la embe, na mwenye tenga bado humtafuta mwenye bajaji, au mkokoteni, au hulipandisha kichwani.

Katika njia hiyo kipo kituo cha Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zikinyesha mto huo hufurika, maji huifunika barabara, na mwendokasi husimama mahali ambapo hapana kituo. Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, Kisarawe. Misitu ya vilima hivyo, ya Pugu na Kazimzumbwi, imeliwa kwa miaka mingi na mkaa wa majiko ya mji, uliobebwa kwa baskeli, magunia yamepangwa mpaka mwendeshaji haonekani kwa nyuma, usiku, kabla askari hawajaamka. Mtu wa Kisarawe akiukata mti, maji yanakuja mjini kwa njia nyengine. Hao waendesha baskeli wamelaumiwa sana katika mikutano. Aliyekuwa akipikia mkaa huo ameulizwa mara chache.

Mwezi wa Oktoba 2012 palianzishwa treni za mjini, maarufu kwa jina la waziri wa wakati huo, treni ya Mwakyembe. Moja ilipita reli ya kati hadi Ubungo, na nyengine reli ya TAZARA hadi Mwakanga, upande ule ule wa kuelekea Mzenga, ingawa haikufika huko. Mwaka 2024 ikaja treni ya umeme ya reli mpya, kwanza hadi Morogoro, kisha Dodoma. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na kati ya Dar es Salaam na Ngerengere ina stesheni tatu: Pugu, Soga na Ruvu, majina yale yale ya Wajerumani. Watu wa vijiji vya katikati huitazama ikipita. Ni treni nzuri, na huo ndio uzuri wake: kwamba haisimami.

Hesabu ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Mgeni kutoka Unguja anayeshuka bandarini asubuhi anaweza kuanza kuujua mji huo kwa miguu peke yake, kutoka kanisa la Mtakatifu Yosefu hadi Posta ya Zamani, kisha Kivukoni penye pantoni ya Kigamboni, kisha arudi kwa Mtaa wa Samora hadi kwenye sanamu ya askari, akate Mnazi Mmoja kama walivyoukata wale wa zamani, aingie Kariakoo. Hakuna haja ya gari, wala gari halitafika upesi zaidi. Akitaka kwenda mbali zaidi ya hapo, apande daladala ipitayo TAZARA, aulize siku ya treni ya kawaida, ile inayosimama.

Katika behewa la daraja la tatu atawakuta wanaorudi. Matenga ni matupu, yamevishwa moja ndani ya jengine na kusukumwa chini ya viti, na ndani ya lile la juu mna sukari, sabuni, daftari za watoto na jozi ya viatu vilivyonunuliwa Kariakoo. Baada ya Mwakanga taa za mji huisha. Mtu huinuka kabla treni haijapunguza mwendo, huita majina ya aliosafiri nao, na huhesabu mizigo kwa kuigusa gizani. Kutoka stesheni ya Mzenga hadi nyumbani pana mwendo, na aliyekuja kumpokea ana tochi.